Bando la Nyumbani, Saa za Msumbiji

Vipeperushi vya intaneti ya nyumbani vyote vina familia moja. Baba, mama na watoto wawili wamekaa kwenye kochi jeupe wanacheka, ruta iko juu ya meza ya kioo, na hakuna aliyefungulia redio. Kochi hilo halina vumbi jekundu, wala nyuma ya mlango hakuna gunia la korosho. Picha hiyo haimsaidii sana mtu wa Newala, kwa sababu fundi anayeijua kazi yake pale mjini hamuulizi mteja ana watoto wangapi au anapenda kutazama nini. Humuuliza: "Nyumba yako inatazama wapi?"

Swali lina maana yake. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Upande mmoja ardhi imelala sawasawa, mikorosho kwa mikorosho mpaka macho yachoke. Upande wa pili ardhi inakatika ghafla pale Shimo la Mungu, na chini kabisa linaonekana bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Mawimbi ya simu hayana habari na mpaka. Nyumba mbili za mtaa mmoja, zenye mtandao mmoja na bando la bei moja, zinaweza kuishi maisha tofauti kabisa, ati kwa kuwa moja imeupa mnara mgongo.

Mwalimu mstaafu wa Hisabati wa Makote, hapo hapo Newala, ambaye hata mkewe humwita Mwalimu, hakuulizwa swali hilo. Yeye alianzia kwenye kipeperushi.

Chanzo cha yote kilikuwa mjukuu. Wajukuu wa watu wa Newala wako Dar es Salaam, Dodoma na kokote kule kazi inakopatikana, na siku hizi husalimia kwa simu ya video. Kwa bando la simu la Mwalimu, mjukuu alikuwa akisema "Shikamoo, ba…" kisha anaganda, mdomo wazi, jino moja limeng'oka. Bibi alivumilia mwaka mzima. Mwisho akasema, "Mwalimu, huyu mtoto nimemwona mdomo wazi tangu Idi. Hata sijui kama amewahi kuufunga. Nunua hicho kidude."

Kila ukoo una mtaalamu wake wa mitambo, na kwa Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mtaalamu huyo asipokuwa mpwa basi hapakuwa na haja ya kuzaliwa wapwa. Wa Mwalimu ana meza ya kutengeneza simu stendi. Alikuja jioni, akanywa chai, akamwambia mjomba wake kwamba kabla ya kununua lazima aelewe mambo mawili, kasi na ujazo. Mwalimu aliyefundisha Hisabati maisha yake yote akakaa kwenye kigoda kufundishwa.

Kwa bahati, mtu wa Newala hahitaji kuelezwa sana tofauti ya bomba na maji. Uwanda huu hauna mito. Mvua ikinyesha inazama mchangani, na tangu mradi wa maji wa Makonde uanze miaka ya 1950, maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, kama kule Mitema chini ya Kitangari. Kwa hiyo watu wamezoea kuliona bomba jipya, koki inang'aa, likikoroma hewa. Mpwa akasema megabiti kwa sekunde ni unene wa bomba, na GB ni ndoo ulizolipia. "Na hewa?" Bibi akauliza kutoka jikoni. Mpwa akasema hewa ndiyo hiyo inayozunguka katikati ya skrini.

Mwalimu akachukua kalamu. Tangazo lilisema megabiti 10 kwa sekunde. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo 10 ukigawanya kwa 8 unapata megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya MB 1,000 itateremka kwa sekunde 800, yaani dakika 13 na sekunde 20. Hesabu ilikuwa sahihi na ingepata vema zote. Siku ilipojaribiwa, filamu ilianza kuteremka baada ya adhuhuri, na muadhini akaadhini magharibi ingali njiani. Jambo ambalo hesabu haikuliuliza ni idadi ya watu wanaoushiriki mnara ule saa ileile, kwa sababu bomba lile linaingia mtaa mzima.

Kisha kuna bei. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwahi kupanga kwamba gharama ya data katika vifurushi iwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Mwalimu akazidisha: GB ya MB 1,000 inaanzia shilingi 2,030 hadi 9,350. Baadaye, msimu wa 2024, bei ya korosho ghafi mnadani ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, Bibi, ambaye hesabu zake zote huishia kwenye kilo, akatoa hukumu kwamba GB ya bei ya juu ni kilo mbili na ushee. "Na korosho ukishaila umeshiba," aliongeza.

Bibi hayuko peke yake. Watanzania ni watu wavumilivu, lakini bando hawalivumilii. Tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali ilizisimamisha siku hiyohiyo. Si sheria nyingi katika historia ya nchi zilizoanza asubuhi na kusimamishwa kabla vocha ya siku haijaisha.

Ushauri wa pili ulitoka Masasi. Shemeji yake Mwalimu anaishi kule, na shemeji ni mtu asiyeweza kununua hata kiberiti bila kukisifia. Akaapa kwamba mtandao wake ni moto, kwamba anatazama mpira bila kukwama, kwamba wengine wote ni wababaishaji. Mwalimu akaamini. Ila Masasi si Newala. Masasi ni mji wa tambarare uliozungukwa na vilima vya mawe matupu, ule mwamba mgumu uliosimama kama mlima Mkomaindo, na jiwe la ukubwa huo halipitishi mawimbi. Anayekaa upande unaotazamana na mnara atatazama mpira. Aliyekaa nyuma ya mlima atasikia jirani akishangilia goli. Shemeji alikuwa akiusifia mlima wake bila kujua.

Hata hivyo laini ikanunuliwa, pamoja na ruta ya kuchomeka laini. Faiba ilikuwa ndoto ya kwanza, kwa kuwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa 2009, mwaka uleule mkongo wa baharini wa SEACOM ulipotia nanga Dar es Salaam, na Mwalimu alikuwa amesoma habari zote hizo gazetini kwa fahari. Lakini waya kupita barabarani ni jambo moja na waya kukunja kona kuja kwako ni jambo jingine, na hilo la pili lina foleni yake.

Usajili wa laini ulichukua asubuhi nzima. Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na ruta haina msamaha. Sasa, kidole cha mwalimu kimesuguliwa na chaki, na baada ya kustaafu kimesuguliwa na jembe na mafuta ya maganda ya korosho, ambayo huchubua ngozi kabisa. Mashine ikakikataa kidole gumba. Ikakataa cha shahada. Binti wa wakala, mwenye adabu zake, akasema, "Baba, samahani, futa kwenye suruali tujaribu tena." Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaanza kutoa ushauri: maji, limau, mafuta ya nazi, dua. Hatimaye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakijawahi kufanya kazi yoyote ya maana, kikatambuliwa mara moja kuwa ni Mwalimu.

Nyumbani, ruta ikawekwa mahali pa heshima, juu ya kabati la vyombo sebuleni, na Bibi akaifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Hilo halina mjadala. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, na mgeni anayewaka taa nne usiku kucha hawezi kukaa uchi. Ikapata joto, ikazima. Ikapoa, ikawaka. Mwalimu aliandika nyakati zake kwenye daftari akidhani amegundua ratiba ya kampuni.

Mpwa alipokuja akacheka, kisha akaona mjomba hacheki, akaacha. Akaeleza kwamba ruta inahitaji hewa, na kwamba kabati la chuma si jirani mwema, kwa kuwa chuma hurudisha mawimbi. Akaeleza pia kwamba ruta ile inatoa Wi-Fi ya namna mbili: ya GHz 5, yenye kasi zaidi lakini inayochoka mapema kwenye kuta, na ya GHz 2.4, yenye kasi ndogo lakini inayopenya vizuri zaidi. Kwa nyumba ya tofali za kuchoma, mlango wa mninga na jiko la nje, chagua ile ya pili. Mwalimu akauliza kwa nini kwenye kipeperushi hawakuandika hivyo. Mpwa akasema kwenye kipeperushi hawana ukuta. Tazama picha vizuri.

Ruta ikahamishiwa darini, juu karibu na paa, kwa hoja kwamba mnara uko juu. Ni hoja inayovutia, lakini bati la jua la Novemba liliikaanga ruta mpaka plastiki ikaanza kunuka. Ikashushwa. Ikajaribiwa chumbani, ikajaribiwa juu ya friji, ikaning'inizwa kwenye msumari wa kalenda. Mwisho ikakaa kwenye dirisha la kusini, na hapo, ajabu, taa zote zikawaka.

Dirisha la kusini ndilo lililoleta mambo ya Msumbiji.

Mnara wa GSM unaweza, kukiwa hakuna kizuizi, kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35, na kutoka ukingo wa uwanda kwenda bondeni hakuna kizuizi hata cha mti. Wanaoishi vijiji vya chini kuelekea Ruvuma wanaijua hali hiyo kwa miaka: umelala Tanzania, simu yako imelala ng'ambo, na asubuhi unakuta ujumbe wa kukukaribisha kwa Kireno na salio limepungua. Ni moja ya sababu watu wa mipakani hupigia kelele minara. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, na kwa mtu wa bondeni mnara wa karibu maana yake kwanza ni simu kukubali kubaki nyumbani.

Kuna mzaha mwingine ndani ya mzaha huo. Halotel, iliyoingia sokoni Tanzania Oktoba 2015, ni ya Viettel, kampuni ya Vietnam. Na Movitel ya Msumbiji, iliyoanza huduma 2012, nayo kwa sehemu kubwa ni ya Viettel. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka mikononi mwa Wavietnam na kuingia mikononi mwa Wavietnam bila kugeuka kitandani, na bado akahesabiwa kuwa amesafiri nje ya nchi.

Salio ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni saa. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu iliyoachiwa kujipangia muda hufuata saa ya mnara ulioikamata. Mwalimu, tangu ruta ihamie dirishani, alikuwa akiilaza simu yake palepale kando ya ruta, akiamini kwamba vitu vya aina moja husaidiana. Ikaja Ramadhani. Akatega kengele ya saa kumi na robo alfajiri kwa ajili ya daku. Kengele ikalia vizuri, saa kumi na robo kamili ikisomeka kwenye kioo. Bibi akapasha uji, kiporo cha muhogo kikatolewa, Mwalimu akasema bismillahi, na kabla kijiko hakijafika mdomoni muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti.

Wakatazamana. Saa ya ukutani, ile ya mshale, ilikuwa inasema saa kumi na moja na robo tangu zamani, ila hakuna aliyeiuliza. Siku ile Mwalimu alifunga kwa njaa ya kweli, na pale msikitini habari ilishafika kabla yake. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole kama atafuturu pia kwa saa za Msumbiji, maana hapo atachelewa tena. Mpwa akaja kuzima ule mpangilio wa muda wa kujiendesha na kuifunga simu isichague mtandao yenyewe, kazi ya dakika mbili ambayo kila anayeishi ukingoni hapa angefanyiwa siku anayonunua simu.

Baada ya mkasa huo Mwalimu akawa haiamini ruta hata inapofanya kazi. Ndiyo maana Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilimkuta tayari kwa vita. Ilikuwa wiki moja tu baada ya kimbunga Hidaya. Mvua zilikuwa zimeikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, na watu wa kusini walikuwa wamejaa habari za kutengwa. Ghafla intaneti ikafa. Mwalimu akazima, akawasha. Akachomoa laini, akaifuta kwa shati, akairudisha. Akamtuhumu Bibi kwa kitambaa. Akawatuhumu vijana wa kijiwe cha nje ya ukuta. Akapanda juu ya bati na ruta mkononi, waya umerefushwa kupitia dirishani, akaielekeza Masasi, akaielekeza Mtwara, akaielekeza mbinguni. Akampigia mpwa, maana simu za kawaida zilikuwa zinapita, akamwambia maneno ambayo mjomba humwambia mpwa mara moja tu katika maisha.

Bibi aliyekuwa chini na redio ndiye aliyemwita. "Mwalimu, teremka. Wamesema imekatika baharini."

Ni kweli. Mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikuwa imepata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, mbunge wa Mtama, jirani wa huku huku kusini, alieleza kuwa tatizo liko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mwalimu alisikia neno moja tu. Akaketi juu ya bati na kusema, "Msumbiji tena."

Tangu hapo mpwa amekuwa akimletea mapendekezo kwa sauti ya chini. Yupo ndugu ng'ambo ya mto anayetumia intaneti ya satelaiti ya Starlink, iliyoanza huduma Msumbiji 2023, na sahani yake, mpwa anasema, ingetosha kwenye gunia. Mwalimu alikataa papo hapo. Mpaka mwaka 2025 unaanza, Tanzania ilikuwa haijatoa leseni ya huduma hiyo, na mtumishi mstaafu anayepokea pensheni hawezi kukamatwa akivusha intaneti ndani ya gunia la korosho. Zaidi ya hayo, alisema, kitu chochote kinachotoka upande ule kitakuja na saa yake.

Aliyetatua jambo ni Bibi, na hakufungua kipeperushi hata kimoja. Alitoka akaenda nyumba zinazotazama upande mmoja na yake, akapiga hodi, akasalimia, akauliza nyumba hiyo inatumia laini gani, na kama jioni, watoto wote wakiwa wamerudi, bado inavuta. Aliuliza jioni kwa makusudi. Huku mnara hujaribiwa jioni, na hujaribiwa zaidi Oktoba na Novemba, minada ya korosho inapofunguliwa, ambayo tangu msimu wa 2024 inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Malipo yanapoingia kila mtu anatuma, anapokea, anahakikisha, kisha anatazama muziki kwa furaha. Laini inayopumua wiki ya malipo ya kwanza itapumua wakati wowote. Bibi alirudi na jina la kampuni ambayo shemeji wa Masasi alikuwa ameitukana.

Wakanunua laini yake na bando la mwezi lenye ujazo wa wastani, kidole kidogo kikaitwa tena kazini. Mjukuu akaonekana akifunga mdomo. Jino limeshaota.

Lakini bando nalo likawa linaisha kabla ya mwezi. Mwalimu alizima simu zisihifadhi picha zenyewe usiku, akazuia video za makundi ya WhatsApp zisijiteremshe, hasa zile za kundi la ukoo, ambalo huanza kutuma saa kumi na mbili asubuhi maua yenye maandishi. Bando likaendelea kuisha. Mpwa akaingia kwenye ruta kuhesabu vifaa vilivyounganishwa, akakuta vya nyumbani ni vitatu na vyote vilivyopo ni kumi na vinne. Vijana wa kijiwe, waliotuhumiwa kimakosa siku ya mkongo, walikuwa na hatia ya siku nyingine zote. Neno la siri lilikuwa lilelile lililobandikwa chini ya ruta kiwandani, na ruta iko dirishani, na dirisha la kusini linafunguliwa kwa nje.

Mwalimu alitaka kuwafukuza. Bibi akasema asubiri, msimu umeanza. Akabadilisha neno la siri, na asubuhi vijana walipokuja wamejiinamia, wakaambiwa linapatikana shambani, chini ya mikorosho, na linabadilishwa kila Jumatatu. Sasa wanaokota korosho kuanzia mapambazuko mpaka jua linapokuwa kali, kisha wanakaa ukutani na simu zao. Juzi mmoja wao aliinua kichwa akalalamika kwa adabu zote, "Bibi, leo mtandao unasumbua."

"Hata gunia linasumbua," Bibi akamjibu bila kugeuka. "Halijajaa."